Jasho la Mkulima Lina Bei Gani? Maisha ya Sir Arthur Lewis (1915–1991)

Ndugu zetu, wazazi wenzetu, na ninyi watoto wetu mliozaliwa huku Uingereza,

Kila tunapokutana kuadhimisha Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, huwasimulia watoto habari za Mwalimu Nyerere na wazee waliopigania Tanganyika. Hiyo ni haki yao, na tutaendelea kuwasimulia. Mwaka huu tumeona tumwongeze mtu mmoja ambaye hakuzaliwa kwetu wala hakuwahi kugombea cheo cha siasa. Alikuwa mtaalamu wa uchumi, mtu mweusi aliyetoka kisiwa kidogo cha Karibi, akasoma na kufundisha katika nchi hii hii tunayoishi. Swali alilolishughulikia maisha yake yote linatugusa sisi tunaoamka alfajiri kwenda zamu: kwa nini kazi ya mtu wa nchi ya joto inalipwa kidogo namna ile, hata anapofanya kazi kwa bidii kuliko wengine?

Mtu huyo ni Sir William Arthur Lewis.

Mtoto aliyefundishwa nyumbani

Lewis alizaliwa tarehe 23 Januari 1915 katika mji wa Castries, kisiwani Saint Lucia. Wakati huo kisiwa kilikuwa koloni la Waingereza. Wazazi wake wote wawili walikuwa walimu, nao walikuwa wahamiaji: walitoka kisiwa cha Antigua. Kwa hiyo hata pale alipozaliwa, alikuwa mtoto wa watu waliokuja kutafuta maisha. Alikuwa wa nne kati ya watoto watano, wote wavulana.

Alipokuwa na umri wa miaka saba aliugua, ikabidi akae nyumbani bila kwenda shule. Baba yake hakutaka mtoto abaki nyuma, akaamua kumfundisha mwenyewe kila siku. Mtoto alishika haraka mno. Aliporudi shuleni walimu walimrusha kutoka darasa la nne hadi la sita, na tangu hapo akawa anasoma na wavulana waliomzidi umri. Haukupita muda mrefu, baba akafariki dunia. Mama, Ida, akabaki na watoto watano wa kulea peke yake, akawalea na kuwasomesha. Sisi wengine tuliolelewa na mama mmoja mwenye mikono miwili tu tunajua maana ya jambo hilo.

Lewis alimaliza shule akiwa na miaka 14. Alikuwa bado mdogo mno kufanya mtihani wa kugombea ufadhili wa serikali wa kwenda chuo kikuu Uingereza, basi akaajiriwa ukarani katika idara ya kilimo. Huko alijifunza kupiga chapa, kupanga mafaili na kuandika barua za serikali kwa utaratibu. Mwaka 1932 alifanya mtihani, akashinda.

Hapo ndipo alipokutana na ukuta wa kwanza. Alitamani kuwa mhandisi. Lakini alijua kwamba serikali ya kikoloni haimwajiri mhandisi mweusi, na makampuni ya Wazungu hayamwajiri pia. Angesoma miaka yote hiyo arudi nyumbani akae bure. Akachagua masomo ya biashara, na mwaka 1933, akiwa na miaka 18, akaingia chuo cha London School of Economics. Uchumi kama somo alikuwa haujui kabisa. Mwaka 1937 alimaliza shahada yake kwa daraja la kwanza, mwaka 1938 chuo kikampa kazi ya kufundisha, na mwaka 1940 akapata udaktari. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kufundisha pale.

Kijana aliyewasemea wakata miwa

Miaka ile ile Lewis alipokuwa London, visiwa vya Karibi viliwaka moto wa migomo. Mwaka 1937 walioinuka walikuwa wafanyakazi wa Trinidad na Barbados, na mwaka 1938 wa Jamaica. Mashambani mwa miwa, bandarini na kwenye visima vya mafuta watu walikataa mishahara ya njaa, na wengine waliuawa kwa risasi.

Mwaka 1939 Lewis aliandika kijitabu kuhusu wafanyakazi wa visiwa hivyo. Alieleza jinsi walivyokuwa wakiishi na jinsi vyama vyao vya wafanyakazi vilivyokuwa vikizaliwa, akataka wapewe ardhi na bei nzuri ya sukari. Aliikumbusha Uingereza pia kwamba ina deni la watu waliofanyishwa kazi ya utumwa bila malipo kwa miaka mia mbili. Alikuwa na umri wa miaka 24 alipoyaandika hayo, akiwa anaishi katika nchi hiyo hiyo anayoidai na kutegemea chuo chake kwa riziki.

Alipotaka kupanda ngazi hadi uprofesa, chuo kikuu kimoja kilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1948 Chuo Kikuu cha Manchester kikampa nafasi hiyo, naye akiwa na miaka 33 tu. Anahesabiwa kuwa profesa mweusi wa kwanza katika vyuo vikuu vya Uingereza, na leo kuna jengo la chuo hicho lenye jina lake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amemwoa Gladys Jacobs, mwalimu kutoka Grenada, wakajaliwa binti wawili.

Mwaka huo wa 1948 ndio ulioanza huduma ya afya ya taifa, NHS, na katika miaka iliyofuata wasichana wengi wa visiwa vya Karibi waliitwa kuja kujaza wodi za nchi hii. Sisi tuliosomea uuguzi na kupata shahada huku tulikuta njia waliyokwisha kuichonga akina mama hao. Huko Manchester, katika mitaa ya Moss Side na Hulme, Lewis hakujifungia chuoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisaidia kuanzisha vituo ambako wahamiaji weusi waliweza kusoma jioni, kupata ushauri na kukutana. Wanajumuiya wanaojitolea kufundisha Kiswahili siku za Jumamosi wanafanya kazi ya aina ile ile.

Swali la sukari na ngano

Sasa tuje kwenye fikra iliyompa jina. Mwenyewe alieleza kwamba ilimjia ghafla mwaka 1952 alipokuwa akitembea barabarani mjini Bangkok, baada ya kusumbuka nayo kwa miaka. Aliichapisha mwaka 1954 katika jarida la Manchester, na makala hiyo ikasomwa dunia nzima.

Fumbo lilikuwa hivi. Kilimo cha miwa kilikuwa kimepiga hatua kubwa sana. Katika muda wa miaka 75 hivi mavuno kwa ekari yalikuwa yameongezeka karibu mara tatu, jambo ambalo kilimo cha ngano hakikulifikia hata kidogo. Hata hivyo mkata miwa aliendelea kutembea peku na kulala kibandani, huku mkulima wa ngano wa nchi za baridi akiishi vizuri. Ikiwa bidii na ufanisi ndivyo vinavyoleta mshahara, kwa nini mkata miwa abaki maskini?

Jibu la Lewis lilihitaji kuondoa macho kwenye shamba la miwa na kuangalia kule mkata miwa alikotoka. Tuchukue mfano wetu wenyewe ili watoto waelewe. Familia ya watu kumi inalima shamba dogo la mahindi kwa jembe la mkono. Chakula kinachopatikana wanagawana, kila mtu anapata kidogo. Akija mwenye shamba kubwa au kiwanda kutafuta vibarua, hahitaji kumlipa kijana wa familia ile kwa kadiri ya thamani ya kazi yake. Inatosha amlipe zaidi kidogo ya kile anachokipata nyumbani. Akikataa huyo, wapo wengine wengi mlangoni. Hata mashine mpya ikija na mavuno yakaongezeka mara tatu, mshahara haupandi, kwa sababu kule nyumbani fungu la mtu halijapanda. Faida humwendea mwenye shamba, na mnunuzi wa ng'ambo hupata sukari kwa bei ya chini.

Kwa hiyo, alisema Lewis, bei ya jasho la mkata miwa, mchuma chai au mvuna kakao inaamuliwa katika shamba la chakula la mama yake. Baadaye aliandika kwamba kufikia mwaka 1900 mkulima wa ngano wa Uingereza alikuwa akivuna ratili 1,600 kwa ekari, na mkulima wa nafaka wa nchi za joto ratili 700. Aliyetoka kwenye ratili 1,600 hukubali kuhama kwa mshahara mkubwa tu. Yule wa ratili 700 huhama hata kwa mshahara mdogo.

Alilithibitisha hilo kwa historia ya wahamiaji. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na mikondo miwili ya watu, kila mmoja kama watu milioni 50. Mmoja ulitoka Ulaya kwenda nchi kama Marekani, Kanada na Australia, na huko mishahara ilikuwa mizuri. Mwingine ulitoka India na China kwenda kwenye mashamba na migodi ya nchi za joto kwa malipo ya chini. Wahindi walioletwa Mombasa kuanzia mwaka 1896 kujenga reli ya kwenda Uganda walikuwa sehemu ya mkondo huo wa pili.

Alieleza pia kwamba watawala wa kikoloni na wenye mashamba makubwa walikuwa na sababu ya kumwacha mkulima mdogo katika umaskini. Mkulima akistawi kwake, nani atakwenda kuwa kibarua? Ndiyo maana katika Afrika ardhi ilichukuliwa, watu wakatozwa kodi na wakalazimishwa kufanya kazi. Hapo sisi hatuhitaji kwenda mbali. Babu zetu waliotafuta fedha ya kodi ya kichwa na kuishia kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga waliyaishi hayo kabla ya profesa yeyote kuyaandika.

Mpinzani aliyetumia homa ya mafua

Si kila mtaalamu alikubali. Mmarekani Theodore Schultz alipinga wazo kwamba mashambani kuna watu wa ziada ambao wakiondoka mavuno hayapungui. Ushahidi wake unatuvutia sana sisi watu wa hospitali: alichukua takwimu za janga la mafua ya mwaka 1918 na 1919 nchini India, lililoua mamilioni. Kama kweli kulikuwa na watu wa ziada, alisema, eneo lililolimwa lisingepungua baada ya vifo hivyo. Alikuta limepungua. Kila mkono ulikuwa na kazi yake.

Lewis alijibu kwamba hoja yake haikusimama juu ya ziada hiyo. Muhimu kwake ilikuwa kwamba wanaotafuta kazi ni wengi kuliko kazi zilizopo kwa mshahara ule. Wakabishana kwa heshima kwa miaka, na mwaka 1979 wote wawili wakapewa pamoja Tuzo ya Nobel ya uchumi. Watoto wetu wajifunze hapo kwamba mtu anaweza kukupinga hadharani na bado mkakaa meza moja.

Mgeni katika Ghana huru

Mwaka 1953, Ghana ikiwa bado inaitwa Gold Coast, Lewis aliombwa ushauri juu ya kujenga viwanda. Wengi walitarajia aseme jengeni haraka. Aliwaambia waanze na mkulima wa chakula: wamletee mbegu bora, mafunzo na barabara, azalishe zaidi, ndipo viwanda vipate chakula cha wafanyakazi wake na watu wa kununua bidhaa zake.

Ghana ilipata uhuru tarehe 6 Machi 1957, na Kwame Nkrumah akamwita Lewis awe mshauri wake wa uchumi. Ilikuwa heshima kubwa, na kwa mtu mweusi wa kizazi chake ilikuwa pia ndoto: kutumikia taifa huru la Kiafrika. Hata hivyo walitofautiana upesi. Nkrumah aliona taifa changa linahitaji miradi ya fahari itakayowapa watu imani. Lewis aliona fedha za wakulima wa kakao zinakwenda kwenye miradi hiyo wakati vijiji havina maji wala barabara. Alisema alichoamini, hakusikilizwa, na mwishoni mwa mwaka 1958 akaondoka bila makelele. Mwaka 1965 aliandika kitabu kuhusu siasa za Afrika Magharibi, akipinga mfumo wa chama kimoja na kupendekeza serikali zinazoshirikisha makabila na vyama vyote. Wengi hawakupendezwa nacho wakati ule. Mwaka uliofuata Nkrumah alipinduliwa.

Hatuandiki hivi kumshusha Nkrumah, ambaye Afrika nzima ina deni kwake. Tunaandika kwa sababu kila taifa huru hukutana na swali walilobishania, na letu pia limekutana nalo.

Kurudi nyumbani, na muungano uliovunjika

Mwaka 1959 Lewis alirudi Karibi kuongoza chuo kikuu chenye makao yake Jamaica. Alikipanua, akafungua milango kwa watoto wa watu wa kawaida, na mwaka 1962 kikawa Chuo Kikuu cha West Indies kinachojitegemea, naye akakiongoza hadi mwaka 1963.

Wakati huo visiwa vilikuwa vimejiunga katika shirikisho moja. Septemba 1961, miezi michache kabla bendera yetu haijapandishwa, Wajamaika walipiga kura kujitoa. Lewis alizunguka kisiwa hadi kisiwa kuwasihi viongozi wa visiwa vinane vilivyobaki washikamane. Jitihada zake hazikufua dafu, na mwaka 1962 shirikisho likavunjwa. Sisi tunaokumbuka jinsi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika mwaka 1977 tunaelewa uchungu wake.

Mwaka 1963 Malkia alimpa heshima ya Sir, na mwaka huo huo akahamia Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, alikofundisha miaka 20. Hata hivyo alipoitwa nyumbani aliitika tena: kuanzia mwaka 1970 alikuwa rais wa kwanza wa Benki ya Maendeleo ya Karibi, nchini Barbados, hadi ikasimama.

Saint Lucia ilipata uhuru tarehe 22 Februari 1979. Miezi michache baadaye ikasikia kwamba mtoto wake ameshinda Nobel, mtu mweusi wa kwanza kuipata nje ya ile ya amani. Alifariki Barbados tarehe 15 Juni 1991, akazikwa Saint Lucia katika uwanja wa chuo kinachoitwa kwa jina lake. Picha yake iko kwenye noti ya dola 100 ya visiwa vya mashariki mwa Karibi.

Anatuachia nini sisi?

Watoto wetu hutuuliza kwa nini muuguzi anayefanya kazi ile ile nyumbani analipwa sehemu ndogo ya tunacholipwa sisi. Mgonjwa ni yule yule, sindano ni ile ile, na mara nyingi mwenzetu wa nyumbani ana wagonjwa wengi zaidi. Tukimfuata Lewis, jibu ni kwamba mshahara wa muuguzi, wa mwalimu na wa dereva umefungwa na kipato cha mkulima, maana wakulima ndio wengi, na wao ndio wanaowalisha na kuwalipia wengine. Pale mkulima anapobaki na jembe la mkono na mvua ya kubahatisha, wote tunabaki naye chini. Kijana wa nyumbani anaposhuka bei ya kazi yake, hajawa mvivu wala mjinga.

Sote tumeimba kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Katika kazi yetu tumewaona watu walioumia uti wa mgongo, na tunajua kwamba ukipuuzwa, mikono yenye nguvu na kichwa chenye akili havimsaidii mtu kusimama. Nasi tunatuma fedha kila mwezi: za matibabu, ada na misiba, na zikibaki, tunajenga nyumba. Hakuna ubaya kujenga kwenu. Lakini wangapi kati yetu tumewahi kuuliza shamba la mama limevuna magunia mangapi, na lingevuna mangapi kama lingepata mbegu bora, kisima au mtambo mdogo wa kukoboa? Tunapendekeza mwaka huu, kabla ya kuamua ukubwa wa geti, kila familia ipige simu nyumbani iulize swali hilo. Na wale walio katika vikundi vya kuweka na kukopa walijadili katika kikao chao cha Januari.

Kwenu vijana: yule mtoto aliyefundishwa na baba yake akiwa mgonjwa nyumbani alinyimwa uhandisi kwa sababu ya rangi yake. Akashika somo asilolijua, na kwa somo hilo akawatetea wakata miwa wa kwao mbele ya dunia. Someni mnachopenda. Mkishasoma, mjue shamba mlilotokea.

Tunawatakia nyote Sikukuu njema ya Uhuru. Mungu ibariki Tanzania, na awabariki wote walioko nyumbani na ugenini.